Jumamosi za Kukata Majani

Nje ya jengo la ofisi yetu huko Plymouth kuna ukanda wa majani marefu ya mapambo, yale yanayotoa masuke kama mikia ya farasi. Juzi wafanyakazi wa bustani walikuja kuyakata. Nilikuwa nashuka kwenye gari na kahawa yangu mkononi, na ile harufu ikanifikia kabla sijayaona makasi: harufu kavu, ya vumbi, yenye utamu wa kitu kilichokaa sana, kama gunia lililowahi kuwa na mahindi. Nikajikuta nimekasirika. Saa mbili asubuhi, hakuna mtu aliyenikosea, na taya zangu zimekazana kama za mtu anayetaka kugombana. Nilikuwa nimeshafika kwenye lifti nilipotambua kwamba hasira ile ni ya zamani, ya nyumba yetu ya Champlin, na ya Baba.

Nyumba ile tuliinunua kwa wazee wawili wa Kizungu waliokuwa wanahamia kwa binti yao. Walituachia mapazia, mashine ya kufulia iliyolia kama mbuzi, na safu ya majani marefu kuanzia kona ya gereji mpaka uzio wa nyuma. Baba alikulia Kisii, ambako nyasi ndefu karibu na nyumba ni aibu ya mwenye nyumba. Lakini siku ya kukabidhiwa funguo, mzee yule alimtembeza bustanini akamwonyesha jinsi majani yale yanavyofungwa na kukatwa majira ya majani kupukutika, na Baba akayapokea mafunzo hayo kwa adabu, kama mtu anayekabidhiwa ng'ombe. Mwaka wa kwanza aliyakata peke yake, asubuhi moja tu, akipiga mluzi. Nilikuwa dirishani nakunywa uji. Nilimwona akivikumbatia vichaka kimoja baada ya kingine, anavifunga kamba kiunoni, anainama, makasi yanalia, na kichaka kizima kinalala ubavu kikiwa bado kimefungwa. Nilidhani ni kazi nyepesi sana.

Mwaka uliofuata, Oktoba ilipofika, aliniita mimi.

Nilikuwa mtoto wa pekee wa Baba na Mama, darasa la nne, mwembamba kama fimbo. Alinipa glavu zake, ambazo zilinifika karibu na kiwiko, akanikabidhi makasi, kisha akageuza ndoo, akaikalia, akaingiza mkono wa kulia kwenye mfuko wa koti.

"Haya, mama," akasema. "Anza na hiki cha kwanza."

Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake, Nyaboke. Kwao ni desturi, na nilipokuwa mdogo zaidi neno hilo lilinifanya nijione mkubwa, kama niliyepewa cheo. Mwaka ule lilianza kuniudhi. Mama, funga kwanza. Mama, shuka chini kidogo. Mama, hapo unatafuna, hukati. Nililisikia kama kejeli. Mtu anawezaje kukuita mama huku anakutumikisha?

Asiyewahi kukata majani yale atadhani ni sawa na kufyeka nyasi. Shina lake ni gumu kama mwanzi mwembamba, na kila kichaka kina mashina yaliyosongamana kiasi kwamba ukikata ya nje, ya ndani yanayakunja makasi na kuyang'ang'ania. Kingo za jani ni wembe. Glavu zilinilinda viganja, lakini juu ya glavu, pale sweta ilipopanda, nilipata michirizi myembamba iliyowaka moto kila nilipoingia kuoga. Masuke yalipasuka nikiyagusa, mbegu zikaingia kwenye nywele zangu zilizosukwa, kwenye soksi, ndani ya kola. Nilijikuna darasani Jumatatu nzima. Na baridi ya asubuhi za Oktoba huko kwetu si ya kutetemesha tu. Inaingia kwenye vyuma, ukishika makasi unahisi kama umeshika barafu yenye mpini.

Ilibidi kichaka kifungwe kamba mahali pawili, katikati na karibu na juu, kisha kikatwe kiganja kimoja juu ya udongo. Chini ya hapo hapana, kwa sababu moyo wa mmea unakaa pale, na ukiuacha uchi baridi inauua. Vile vichaka vifupi vya rangi ya kibuluu kando ya ngazi havikatwi kabisa. Vinachanwa kwa vidole, na majani yaliyokufa yanatoka yenyewe, kama nywele kwenye kitana. Vilivyokatwa vinaingizwa kwenye mifuko mirefu ya karatasi na kupangwa kando ya barabara ili gari la taka za bustani livichukue. Hayo yote Baba alinifundisha akiwa juu ya ndoo. Hakushika kitu hata kimoja.

Kazi yenyewe ningeivumilia kama isingekuwa Jumamosi.

Kanisa letu lilikodi ukumbi Frogtown, kule Saint Paul, ghorofa ya juu ya duka la vitambaa kwenye University Avenue. Tulikuwa Wakenya, wengi wetu manesi na wafanyakazi wa nyumba za wazee, pamoja na familia za Kongo zilizokuja baadaye na ngoma zao na sauti zilizotufanya sisi tuonekane kama tunasoma matangazo. Kwaya ya watoto ilifanya mazoezi Jumamosi alasiri. Mwaka ule Anti Wambui, aliyetufundisha, alinichagua mimi niimbe ubeti wa peke yangu siku ya Krismasi, kwa Kiswahili. Sijui kama nitaweza kueleza jambo hilo lilivyokuwa kubwa. Nyumbani tulizungumza Kiswahili kwa lazima, kwa kuwa Baba ni Mkisii na Mama ni Mtaita na hakuna aliyekubali lugha ya mwenzake itawale. Mimi nilikielewa chote na kujibu kwa Kiingereza, na wageni walinicheka. Sasa kuna mtu amenisikia nikiimba na kusema, huyu ndiye. Mama alinifundisha maneno yale jikoni, akinirudisha nyuma kila nilipolainisha herufi. Nilikuwa nayaimba bafuni, kwenye basi la shule, kitandani.

"Tukimaliza majani nitakupeleka," Baba alisema Jumamosi ya kwanza.

Hatukumaliza. Kila nilipofikiri nimemaliza kichaka, aliinuka kwenye ndoo, akakizunguka, akaelekeza kwa kidevu. "Hapa umeacha refu. Hapa kamba imelegea. Vua, funga upya." Saa ya mazoezi ikafika, ikapita, na mimi nilikuwa bado nimepiga magoti kwenye udongo baridi. Jumamosi ya pili ikawa hivyo hivyo. Mama alikuwa kazini hospitalini siku hizo, shifti ya mchana, kwa hiyo hapakuwa na mwingine wa kunipeleka. Alipompigia simu kutaka kujua kama nimekwenda, nilimsikia Baba akisema, "Kazi haijaisha, Mama Nyaboke, na theluji iko njiani." Mama alikuwa amechoka. Akasema basi, malizeni.

Ndipo nilipoanza kumchunguza. Mtoto mwenye hasira huwa mpelelezi mzuri, ingawa hakimu mbovu. Niliona kwamba Baba ameacha kula ugali kwa mkono. Alikuwa anatumia kijiko, tena kwa mkono wa kushoto, na Mama alipomtania kwamba amekuwa Mzungu alicheka bila kujibu. Niliona Jumapili, mlangoni mwa kanisa, alimsalimia mchungaji kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukiwa mfukoni, na Mama akamkemea kwa sauti ya chini mpaka tulipofika kwenye maegesho. Niliona siku hizi anampa Mama funguo kila Jumapili, anakaa kiti cha pembeni na kutazama dirishani kama waziri. Asubuhi moja alivunja kikombe jikoni, akasimama akivitazama vipande kwa chuki, halafu akaniambia mimi nifagie.

Nikayaunganisha yote, nikapata jibu langu. Baba amenunua nyumba, amekuwa bosi. Kule kazini kwake, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, yeye ndiye aliyewainua watu kutoka kitandani na kuwaweka kwenye viti. Huku kwake sasa ataendeshwa, atakula kwa kijiko, ataketi akiamuru, na mimi ndiye mfanyakazi aliyekuwepo. Maelezo hayo yalinitosha kabisa. Hayakuacha kitu nje.

Katikati ya wiki Anti Wambui alipiga simu. Aliongea na Mama, lakini simu ilikuwa mezani na sauti iko wazi, na Mama alikuwa anakatakata sukuma wiki. Anti Wambui alisema kwa upole kwamba muda umekwenda, kwamba nisipofika Jumamosi hii atampa Furaha ule ubeti. Furaha alikuwa mtoto wa familia moja ya Kongo, mpole, na sauti yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Nililijua hilo vizuri, na ndiyo maana lilinichoma.

"Jumamosi hii ataenda," Mama alisema, akimtazama Baba.

"Ataenda," Baba akaitikia.

Jumamosi ile niliamka mapema, nikavaa glavu bila kuitwa. Nilikata kama mwendawazimu. Vilibaki vichaka vya upande wa uzio, vile vikubwa kuliko vyote, na jirani yetu Miss Linda alikuwa upande wa pili akipeperusha majani ya miti kwa mashine yake. Aliizima akaja kuegemea uzio. Alikuwa mama mtu mzima mwenye kofia ya sufu, aliyekuwa na majani kama yetu, marefu vilevile, na sikuwa nimejiuliza kwa nini yake bado yamesimama.

"Kwa nini mnajisumbua hivyo, mpenzi?" akaniuliza kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Mimi yangu siyagusi mpaka theluji iyeyuke. Ndege wanakula mbegu, na mizizi inapata blanketi. Hayana haraka kabisa."

Aliwasha mashine yake akaendelea. Mimi nilibaki nimeshika makasi. Nikageuka kwa Baba, pale kwenye ndoo yake.

"Anasema tunaweza kungoja."

"Nimemsikia," akasema.

"Ni kweli?"

"Ni kweli. Hata yule mzee aliniambia. Ukitaka unakata sasa, ukitaka unangoja."

"Kwa hiyo ulikuwa unajua."

"Mama, kazi ikianzwa humalizwa."

Niliyatupa makasi. Yaligonga ndoo, ukatoka mlio ambao nadhani Miss Linda aliusikia juu ya mashine yake. Na maneno yalipotoka, yalitoka kwa Kiswahili, kitu ambacho sikuwahi kumfanyia Baba nikiwa na hasira. Kiingereza kilikuwa chepesi mno kwa yale niliyotaka kusema.

"Wewe hutaki tu. Unakaa hapo kama bosi, unasema fanya hivi, fanya hivi. Hakuna majani. Wewe hutaki niimbe."

Nilitegemea kuchapwa, au angalau kupewa hotuba. Baba alinitazama. Usoni mwake hapakuwa na hasira, na hilo liliniongezea yangu. Akainuka, akafuta suruali kwa mkono wa kushoto.

"Nenda kaoshe uso," akasema. "Ingia kwenye gari. Nakupeleka."

Nilifurahi kwa namna mbaya, furaha ya mtu aliyeshinda ugomvi. Nilikaa kiti cha nyuma na mbegu zangu kichwani, nikirudia ubeti moyoni. Baba aliendesha polepole kupita nyumba za mtaa wetu, mkono wa kushoto juu ya usukani, wa kulia ukiwa umeegeshwa tu chini yake, kama kitu kilichowekwa pale na mtu mwingine. Barabara ndogo zilipoisha na tukaingia barabara kuu, alinyoosha mgongo. Nilimwona kwenye kioo akilamba midomo. Alikuwa anatokwa jasho, na nje kulikuwa na baridi.

Hatukufika mbali. Kulikuwa na mahali ambapo leni zinaungana na ilimbidi ahamie leni ya kushoto huku akitoa ishara. Mkono wa kushoto ulitoka kwenye usukani kwenda kwenye ishara, na ule wa kulia, ambao ulipaswa kushikilia, haukushikilia. Niliuona ukiteleza. Ulidondoka mapajani mwake kama kitambaa, na gari likaenda lilikotaka lenyewe. Lori lililokuwa kando yetu lilipiga honi iliyojaa gari zima. Baba aliunyakua usukani kwa mkono mmoja, tukayumba, nikagonga bega mlangoni, tukarudi kwenye leni yetu. Alitoka kwenye njia ya kwanza ya kutokea, akaingia kituo cha mafuta, akasimama kando ya pampu ya upepo wa matairi.

Injini ilikuwa bado inanguruma. Alipeleka mkono wa kulia kwenye ufunguo. Vidole viliugusa, vikateleza. Akajaribu tena. Niliegemea mbele kati ya viti viwili, nikaona jinsi kidole gumba kilivyokuwa kimelegea, na jinsi nyama ya kiganja ilivyokuwa imebonyea pale ambapo changu kimevimba.

"Nizimie gari, mama," akasema.

Nikapitisha mkono, nikauzungusha ufunguo.

"Huu mkono umekufa ganzi," alisema, akiutazama. "Ulianza kiangazi, vidole viwili tu. Nikadhani utapona."

"Kwa nini hukumwambia Mama?"

"Mama yako ni nesi. Angenipeleka siku ileile. Na nikipelekwa, kazini watajua. Mimi kazi yangu ni kuinua watu. Asiyeweza kuinua watu anakuwa nani pale?" Akavuta pumzi. "Kazini naenda kwa njia za ndani, pole pole. Lakini hii barabara, na wewe ukiwa ndani ya gari, nilikuwa naogopa. Nilikuwa natafuta namna ya kutokuja. Sasa usimwambie. Nitamwambia mwenyewe, nikipata nafasi."

Ningependa kusema kwamba nilimwonea huruma pale. Kilichonijia kwanza kilikuwa hasira nyingine, mpya, kubwa kuliko ile ya ndoo. Kumbe Jumamosi zote zile, vichaka vile vyote, kufunga na kufungua kamba zilizokuwa sawa tayari, ilikuwa ni kupoteza muda makusudi mpaka saa ya mazoezi ipite. Alikuwa ameniacha nimchukie kwa kosa ambalo halikuwa lake. Na sasa ananiomba nimsaidie kuendelea.

Simu yake ilikuwa kwenye kishikio katikati ya viti. Niliichukua nikampigia Mama. Baba hakunizuia. Nadhani alijifanya hakuona.

"Niko wodini," Mama akasema. "Kuna nini?"

"Baba hawezi kushika usukani," nikamwambia. "Mkono wake haushiki. Tuko kituo cha mafuta."

Sikusikia swali lolote. Nilisikia Mama akimwambia mtu kwa Kiingereza kwamba inabidi aondoke.

Alifika akiwa na sare zake za hospitali, koti limefungwa vibaya. Hakumsalimia mtu. Alifungua mlango wa Baba, akachuchumaa pale chini kwenye lami, akampa vidole vyake viwili.

"Nibane," akasema.

Baba akavishika vile vidole.

"Bana, Baba Nyaboke."

"Ninabana," Baba akasema.

Mama alikitazama kile kiganja, akakigeuza, akakigusa gusa kama anavyofanya mtu anayetafuta kitu gizani. Halafu akasimama, akatufungulia milango ya gari lake. Lile la Baba tuliliacha palepale. Mimi niliketi mbele na Baba akaketi nyuma, peke yake.

Madaktari walisema ni mshipa wa fahamu uliobanwa shingoni, kwa miaka ya kuinua uzito wa watu. Walisema angekuja mapema, mkono ungerudi wote. Mama aliirudia sentensi hiyo mara nyingi majira yale ya baridi, akiosha vyombo, akikunja nguo, bila kumtazama Baba. Baba alifanyiwa upasuaji kabla ya Krismasi. Nguvu zilirudi nusu. Anaweza kubeba mfuko wa ununuzi, anaweza kuendesha gari, lakini kufunga vifungo vya shati ni kazi ya Mama mpaka leo. Pale kazini walimpa nafasi ya mapokezi, anaandikisha wageni na kujibu simu, na aliichukia nafasi ile kwa muda mrefu, kwa sababu wazee aliowazoea walikuwa wanapita mbele yake wakisukumwa na watu wengine.

Ubeti aliimba Furaha. Nilisimama safu ya pili, nikafungua mdomo na kuufunga pamoja na wengine. Baba alikuwa kwenye kiti cha mwisho na kola ngumu ya hospitali shingoni, na Furaha aliimba vizuri, vizuri kabisa, na kila mtu akafuta machozi. Hakuna aliyeniambia pole. Nyumbani kulikuwa na jambo kubwa zaidi, na mtoto anajifunza haraka kwamba jambo lake likigongana na jambo la mkono wa baba, lake linawekwa kando. Nilielewa. Kuelewa hakukunipunguzia kitu.

Vichaka vya upande wa uzio vilisimama majira yote ya baridi. Ndege walikuja kweli, kama Miss Linda alivyosema, na theluji ikakaa juu ya masuke, na nilikuwa navitazama kutoka chumbani kwangu kwa kinyongo, kwa sababu vilikuwa vizuri kuviangalia. Theluji ilipoyeyuka ilibidi vikatwe upesi kabla machipukizi mabichi hayajapanda kati ya mashina makavu. Nilivikata na Mama. Baba alisimama kwenye ngazi akitoa maelekezo, safari hii mikono yote miwili ikiwa nje, na nilimwambia kwa Kiingereza anyamaze, na Mama hakunikemea.

Nilikuja kumuuliza nikiwa mtu mzima, na kazi yangu, na gari langu. Tulikuwa kwenye maegesho ya hospitali, mimi na yeye, alasiri, tunamsubiri Mama amalize shifti. Redio ilikuwa imezimwa. Nikamuuliza bila kumtazama, kwa nini hakuniambia tu.

"Ungenihurumia," akasema.

"Na ubaya wake uko wapi?"

"Mtoto akikukasirikia, bado anakuona mzima. Akishaanza kukuhurumia, umebaki na nini?"

Nikamwambia hiyo ni hesabu ya kijinga. Nikamwambia nilikuwa na miaka tisa, kwamba nilidhani hanipendi, kwamba nilikuwa nimepiga magoti kwenye udongo nikiamini baba yangu amegeuka mtu mwingine. Sauti yangu ilipanda kuliko nilivyotaka. Baba aliisikiliza mpaka ikashuka yenyewe.

"Nilijua," akasema. "Nilikuwa nakuona. Kila ulipokata, nilikuwa nakuona unavyonichukia."

Nikangoja aongeze kitu. Hakuongeza, nami sikumsaidia. Tukakaa hivyo mpaka Mama alipotoka.